Mwaka Mwanza ilipoisubiri treni ya kupinduka

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka alfajiri, nikachukua nyundo ndogo ya jikoni, nikaanza kugonga nati za kitanda. Mume wangu alikuwa bado amelala juu yake. Akafungua jicho moja na kuuliza, "Kitanda kimepita ukaguzi?" Nikamwambia nati ya mguu wa upande wa ukutani imelegea, ashuke. Akashuka bila ubishi. Ameishi na mimi muda wa kutosha kujua kwamba nati ikilegea hakuna mjadala.

Nawaandikia ninyi mliobaki pale Bustani, hasa mlioingia juzijuzi na ambao siku ya kuniaga mliniomba niwaeleze siri ya kazi. Siri hamna. Sitawasimulia nilipandaje kutoka mlangoni kwenye tiketi hadi kuwa msimamizi wa mashine, wala nililipwaje, maana hayo hayawafundishi kitu na mengine yatawavunja moyo. Nitawaeleza nilivyofundishwa, na nitawaeleza habari ya ule uvumi wa treni, kwa sababu kila mmoja wenu anausimulia kivyake na nimesikia matoleo ambayo mimi mwenyewe nimo lakini sijitambui.

Nilipoanza, Bustani ilikuwa kipande cha ufukwe kati ya majabali, kusini ya mji, na Mzee Hasmukh alikuwa ameinunua karibuni. Familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi mjini tangu enzi za babu yake, na watu walishangaa mtu wa misumari na saruji kuingia kwenye mambo ya bembea. Mashine alizinunua zikiwa zimeshatumika nchi nyingine, zikaja zimefunguliwa vipande vipande bila karatasi ya maelekezo. Aliyeziunga ni Fundi Lameck, mtu wa Ukerewe, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza injini za boti. Akasimamisha gurudumu kubwa, farasi wa kuzunguka, bembea za minyororo, na Jongoo. Alipomaliza kulikuwa kumebaki vyuma vya kujaza ndoo. Mzee Hasmukh akamuuliza vyuma hivyo vilikuwa vya wapi. Lameck akajibu, "Vya akiba." Ndoo ipo stoo hadi leo. Msiitupe, na msijaribu kujua.

Jongoo mnamfahamu: treni ya kijani yenye mabehewa madogo, inapanda kilima cha vyuma, inashuka ikipita katikati ya majabali mawili, inapinda karibu na maji na kurudi. Macho yake yamepakwa rangi upya mara nyingi sana hadi siku hizi anatazama pembeni kama mtu anayedaiwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto, lakini tangu siku ya kwanza watu wazima walijibana mle na kupiga kelele kuliko watoto.

Siku yangu ya kwanza nilitoka Mkolani nimevaa viatu vya kisigino, kwa sababu niliambiwa nitakuwa nakaa mlangoni. Nikamkuta Lameck ameinama chini ya reli.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Viatu hivyo ni vya nani?"

"Vyangu."

"Kesho vibaki nyumbani."

Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote hadi mchana. Baada ya chakula akanipa nyundo ndogo, akanipeleka kwenye gurudumu kubwa na kuniambia nigonge kila nati kisha nisikilize. Nikagonga. Nikasema zote zinalia sawa. Akasema nirudie. Mara ya tatu ndipo nikaisikia moja iliyotoa sauti fupi, kama mtu anayekohoa huku amefunika mdomo. Nikamwonyesha. Akaikaza kwa spana, akaigonga yeye, ikalia. Hakunisifu. Ila kesho yake nilikuta nyundo ile iko kwenye kibanda changu cha tiketi, na nimeitumia hadi siku mliyoniaga.

Lameck ndiye aliyeanzisha ile desturi ya mifuko. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kupanda, Jongoo huzungushwa akiwa amebeba mifuko ya mchanga, kila mfuko uzito wa mtu mzima aliyekwisha kula. Mchanga ulikuwa ukivuja na kuchafua viti, basi tukaivalisha mifuko fulana za kampeni za uchaguzi uliopita, ambazo mjini hazikosekani. Tulivalisha fulana za kila upande, kwa sababu Mzee Hasmukh hakutaka lawama. Halafu mifuko ikapata majina. Mjumbe, Shemeji, Mwenyekiti. Mbele kabisa hukaa Mama Mkwe, kwa kuwa kiti cha mbele ndicho kinachotikiswa zaidi, na sikumbuki ni nani aliyependekeza, ila wafanyakazi wote waliooa walikubali mara moja. Ikifika mwisho wa safari, tunakagua: Mama Mkwe akiwa ameegemea upande, mkanda una tatizo. Akiwa wima, tunafungua mlango.

Mtu akiwaona kwa mbali, kwa mfano kutoka zile nyumba za juu mlimani, ataona abiria waliovaa vizuri, wametulia, hawapigi kelele. Kumbukeni hilo.

Visa vigumu vilikuwa vingi na karibu vyote vilihusu watu, siyo mashine. Yuko mzee wa heshima zake ambaye meno yake ya bandia yalidondoka kutoka juu ya gurudumu, yakatua kwenye sinia la sambusa za mama mmoja, na mama yule akataka kujua kwanza nani analipa sambusa kabla ya kurudisha meno. Yuko bwana harusi aliyegoma kushuka kwenye farasi hadi picha zote ziishe, na foleni ya watoto ikamzomea akiwa na suti. Yuko dada aliyeanza kusali kwa sauti gurudumu lilipopanda, na liliposhuka viti vyote vilikuwa vikiitikia amina. Hawa wote niliwashughulikia kwa njia moja niliyoiona kwa Lameck: nasimama karibu, nasema kidogo, nasubiri wachoke. Mashine zenyewe adui zake ni kutu na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuziba matundu ya mota. Hao hawasikii maneno. Tumieni brashi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wenu mlinicheka nalo, nalo ni tabia yangu ya kufuatilia uvumi. Bustani ni mahali pa watu kupandishwa juu na kuteremshwa, na mtu aliyetikiswa hivyo akifika nyumbani lazima aongeze chumvi. Mara tumeambiwa tunatumia umeme wa mtaa mzima, mara kuna chatu anaishi chini ya gurudumu. Mimi nikisikia jambo, namuuliza aliyeniambia nani alimwambia, kisha namfuata huyo, na yule aliyemwambia huyo. Ningesoma zaidi ningekuwa mwandishi wa habari. Nilichojifunza ni kwamba uvumi hata ukizunguka mkoa mzima, ukiufuata kwa miguu unakurudisha kwenye mtu mmoja aliyekuwa amesimama mahali fulani akisema jambo fulani.

Sasa treni.

Ilianza na Jumapili ambayo haikuwa na watu. Hali ya hewa nzuri, ziwa limetulia, ibada zimekwisha, na mlangoni hakuna mtu. Nikadhani labda kuna mechi. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, isipokuwa baba mmoja aliyekuja na watoto, akasimama kwenye kibanda changu na kuchungulia ndani.

"Dada, imefika?"

"Nini?"

"Basi, tutarudi ikifika." Akawageuza watoto wake wakaondoka, mmoja akilia.

Wakaja wengine kama yeye. Hawakuwa na hasira. Walikuwa wapole, wenye furaha hata, na wote waliondoka. Uvumi mbaya ninaujua, huwa unaleta watu wengi kuja kushangaa. Huu ulikuwa uvumi mzuri, na ulikuwa unatumaliza, kwa sababu mtu anayeahidiwa kitu kikubwa kesho haoni sababu ya kulipia kidogo leo.

Nilianzia kwa wifi yangu Eliza, Mkolani, ambaye habari za mji hupita kwake kabla ya kwenda mahali pengine. Nilimkuta anachambua dagaa uani.

"Umekuja mwenyewe," akasema. "Afadhali. Mimi nimekasirika."

"Nimefanya nini, wifi?"

"Treni ya kupinduka inakuja kwenu, watu wanapita vichwa chini juu ya ziwa, mtaa mzima unajua, na mimi wifi yako naambiwa saluni nimewekwa dawa kichwani siwezi hata kugeuka."

Akanionyesha simu. Kwenye kundi lao la akina mama kulikuwa na picha ya treni ndefu ya chuma ikiwa imejikunja angani, na chini yake miti ya mahali penye theluji. Mtu alikuwa ameandika: Mwanza mpya.

"Eliza, hiyo theluji."

"Hayo si mawe?"

"Hakuna treni, wifi."

Akanitazama kwa huruma. "Wamekukataza kusema. Naelewa. Kazi ni kazi."

Saluni walisema wameisikia kwa wakala wa mabasi stendi ya Nyegezi. Yule wakala, kijana mchangamfu, alisema kila abiria anayetoka Magu anamuuliza Bustani iko upande gani, na tayari alikuwa anawaambia wapande gari lake kwa sababu "linapita jirani na treni". Nikamuuliza wao wa Magu wameambiwa na nani. Akasema, "Yule mama wa mchele. Mama Kabula. Ukikutana naye mwambie ameniinulia biashara."

Huku nyuma Mzee Hasmukh alikuwa ameacha kucheka. Mwanzo aliona ni jambo la kuchekesha, halafu akaagiza kibao kiwekwe mlangoni: HAKUNA TRENI MPYA. KARIBUNI. Watu wakakipiga picha. Mtu mmoja alimweleza mwenzake mbele yangu, "Kama kweli haipo, wangejisumbua kuandika?" Baada ya kibao hata wale wachache wakapungua.

Siku moja akaja na mtu wa vyuma chakavu. Walimzunguka Jongoo polepole, yule mtu akimpigapiga mgongoni kama anayenunua ng'ombe mnadani. Alipoondoka Mzee Hasmukh akaniita.

"Vero, nimekuwa mvumilivu?"

"Ndiyo, Bosi."

"Shemeji yangu ana ukumbi wa harusi. Unajua ukumbi una nini? Una viti. Hauna mota, hauna grisi, hauna nati. Idi inakuja. Jongoo akijaa siku ya Idi, anabaki. Asipojaa, yule mtu anakuja na gari lake, na pale aliposimama Jongoo naanza kumwaga zege."

"Na Fundi Lameck?"

Akamtazama Lameck kule chini, ambaye alikuwa anapaka grisi magurudumu ya treni isiyo na abiria kwa umakini uleule wa siku zote. Lameck alikuwa amezeeka. Hakuna mtu angemchukua mahali pengine kwa ujuzi wa kumsikiliza Jongoo.

Nikaenda Magu. Mama Kabula nilikuwa namfahamu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiuzia mchele jiko letu la Bustani na mara nyingi aliuleta mwenyewe. Nilimkuta dukani kwake kando ya barabara, anapepeta.

"Mwangaluka, Mama Kabula."

"Mwangaluka, dada Vero. Umeleta habari? Mnafungua Idi mosi au Idi pili? Kikundi chetu tumeshakodi gari, usiniambie tarehe imebadilika."

"Mama Kabula, nani alikuambia treni inakuja?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Bosi?"

"Yule mfanyabiashara, angeniambia yeye ningeamini? Lameck."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa nashusha mchele pale jikoni kwenu," akasema. "Nikaona yale mapete makubwa meusi, yameegemezwa kwenye majabali. Nikamuuliza, fundi, haya ni ya nini? Akanitazama. Akafuta mikono yake kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja, unamjua anavyofanya. Akasema, Jongoo atapita humo akipinduka. Halafu akaenda zake. Sasa wewe Vero, sema ukweli, ungejua huo ni utani?"

Nilifikiri. Mapete yale niliyajua. Jirani yetu ufukweni ni watu wanaofuga samaki kwenye vizimba, na mapete yale ya mabomba ndiyo yanayoelea juu ya maji na kushika nyavu. Huyaunganisha nchi kavu, na wakikosa nafasi huyaegemeza upande wetu. Lameck naye nilimjua. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akitania, hata siku ya meno. Maneno yale yangesemwa na mtu mwingine yeyote wa Bustani, Mama Kabula angemwambia aache upuuzi, akasahau kabla ya kufika Nyegezi. Lakini yaliposemwa na Lameck, ilikuwa kama yametangazwa redioni.

"Nisingejua," nikasema.

"Basi. Na wale wataalamu?"

"Wataalamu gani?"

"Wanaojaribu treni asubuhi. Binamu yangu anakaa mlimani juu yenu, anawaona. Anasema wamenyamaza kabisa, hata mikono hawainui. Wazoefu."

Nikamweleza kuhusu mifuko ya mchanga. Akaacha kupepeta. Akaketi juu ya gunia.

"Vero, nimewaambia watu wa Magu wote. Kanisani nimesema, sokoni nimesema. Kama haipo mimi hapa sitakaa."

Nilirudi nikamkuta Lameck chini ya reli, mahali pake.

"Fundi, ulimwambia Mama Kabula kwamba Jongoo atapinduka?"

Akatoka, akakaa chini, akaanza kufuta mikono.

"Nilimtania."

"Kwa nini?"

"Alikuwa amebeba magunia. Alionekana amechoka. Nikaona acheke kidogo."

"Alicheka?"

"Hapana."

Akainuka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mzee Hasmukh, nami nikamfuata kwa kuwa nilitaka awepo mtu wa kumtetea. Hakuhitaji. Alisimama mlangoni, akaeleza jambo zima kwa maneno yasiyozidi ujazo wa kijiko. Mzee Hasmukh alicheka hadi akalazimika kukaa, akavua miwani, akaifuta, akacheka tena. Kisha akairudisha miwani usoni.

"Fundi, umeuondoa mji mzima kwangu kwa sentensi moja. Wanasiasa wanahitaji jukwaa na muziki."

"Ndiyo, Bosi."

"Nimecheka, lakini neno langu ni lile. Idi. Akijaa anabaki."

"Nimesikia."

Tulipotoka nje nikamuuliza Lameck atafanya nini. Akasema, "Nilisema atapita humo." Akaenda kwa watu wa samaki. Walikuwa na pete moja iliyopata ufa ikawa haiwezi kuelea, wakampa na kumshukuru kwa kuwaondolea. Tuliiburuta mchangani wafanyakazi wote, pamoja na mpishi. Tukaisimamisha pale Jongoo anaposhukia, katikati ya majabali mawili, tukaifunga kwa minyororo kwenye mawe yenyewe, ambayo hayajasogea tangu dunia iumbwe na ndiyo fundi pekee ambaye Lameck alimwamini kuliko nafsi yake. Alihakikisha kwamba hata mtu akinyoosha mikono yote hawezi kuigusa. Kisha mifuko ikapakiwa, Mama Mkwe mbele, na siku nzima Jongoo akapita kwenye pete, akarudi, akapita tena, Lameck akigonga na kusikiliza. Jioni simu zetu zote zilikuwa na ujumbe mmoja: wataalamu wameongezwa, wamefunga pete, wako kazini.

Asubuhi ya Idi, kabla waliotoka msikitini hawajamaliza kubadili nguo, barabara ilikuwa imejaa. Watu wa Nyegezi, watu wa Mkolani, Eliza akiwa mbele na miwani ya jua. Gari la Magu likafika na akina mama wamevaa vitenge vya sare. Mzee Hasmukh alisimama kwenye ngazi ya ofisi, mikono nyuma, hajui acheke au afunge lango. Tukafungua. Watu wakamiminika hadi kwenye uzio wa Jongoo, wakasimama, wakatazama. Walimwona Jongoo. Wakaiona pete.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ndiyo hii?"

"Bomba la samaki hilo," mwingine akasema. "Mimi nayafunga hayo."

"Fundi, nirudishie nauli ya Magu."

"Mimi niliazima suruali."

Walicheka, lakini kilikuwa kile kicheko ambacho hakijaamua kitaelekea wapi. Mama Kabula akapenya hadi mbele. Alimtazama Lameck, akaitazama pete, akamtazama Lameck tena. Nyuma yake walisimama watu wote aliowaambia.

"Fundi," akasema. "Uliniambia nini?"

"Kwamba atapita humo."

"Akipinduka."

Lameck akafungua kimlango cha behewa la mbele, kile kiti cha Mama Mkwe. "Panda, mama."

Mama Kabula akapanda. Kikundi chake kikapanda nyuma yake, kwa sababu walikuwa wamekuja pamoja na wangeaibika pamoja. Nikakagua mikanda mimi mwenyewe, mmoja mmoja. Lameck akavuta mkono wa swichi, na Jongoo akapanda kilima akiguna kama kawaida yake. Juu kabisa akatulia kidogo, kama anavyofanya, halafu akashuka. Pete ikaja. Niwaambieni nilichokiona, maana nilikuwa nimesimama hapohapo: lile duara jeusi linapokukimbilia katikati ya mawe, mwili hausubiri maelezo. Akina mama wa Magu walipiga kelele moja ndefu iliyorushwa na majabali hadi ziwani, ndege wakaruka kutoka kwenye gurudumu, na Jongoo akapinda na kurudi mahali pake.

Watu wote walikuwa wakimsubiri Mama Kabula, na mimi pia, na Mzee Hasmukh kwenye ngazi. Aliinuka polepole. Akakaza kitenge chake. Akashuka, akasimama mbele ya Lameck.

"Haikupinduka," akasema.

Lameck akafuta mikono. "Imepinduka, mama. Ulifumba macho."

Alimtazama. Uso wa Lameck ulikuwa uleule wa siku zote, uso wa mtu anayesoma mita ya maji. Niliona mdomo wa Mama Kabula ukianza kutetemeka pembeni, nikadhani ni hasira. Kisha akacheka. Alicheka hadi akamshika Lameck bega ili asianguke, na kikundi chake kikacheka nyuma yake, bado wamekaa kwenye mabehewa. Alipopata pumzi akawageukia watu wa Magu, watu wa Nyegezi na wengine wote, akasema kwa sauti yake ya sokoni, bila hata kupepesa macho:

"Inapinduka. Ila mimi nilifumba, sitaki kudanganya mtu. Pandeni muone wenyewe."

Hapo ndipo foleni ilipoanza. Walipanda waliokuja kuhakikisha, wakiwa wamekodoa macho, na wote waliposhuka waliulizwa na walio kwenye foleni, na wote, sijui walikubaliana wapi, walijibu kwamba inapinduka. Fundi wa mabomba ya samaki alisema inapinduka. Wa suruali ya kuazima alisema inapinduka mara mbili. Eliza alishuka miwani ikiwa imehamia shingoni, akaniambia, "Wifi, nilijua unanificha." Aliyeshuka hakutaka kuwa mjinga peke yake, basi akamkaribisha anayefuata, na foleni ikatoka nje ya lango ikapita kile kibao cha HAKUNA TRENI MPYA, ambacho hakuna aliyekisoma.

Alasiri foleni ilipopungua kidogo, Mzee Hasmukh alishuka kutoka kwenye ngazi. Katika miaka yake yote ya kumiliki Bustani hakuwahi kupanda hata farasi. Akampa mpishi simu na funguo zake, akaketi kwenye behewa la mwisho peke yake, magoti yakigusa kidevu, na Lameck akavuta mkono wa swichi bila kumwambia neno. Jongoo akapanda, akatulia, akashuka, akapita kwenye pete, akarudi.

Mzee Hasmukh alishuka akiwa ameshika kifua. Alichukua simu yake, akasimama karibu nami, akaanza kutafuta namba ya yule mtu wa vyuma chakavu ili kumwambia asije.

"Bosi," nikamuuliza, "inapinduka?"

Aliweka simu sikioni, akiisikiliza ikiita.

"Nitajuaje, Vero," akasema. "Nilifumba macho."